Wanyama wala nyama na mifugo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu tabia zao na namna ya kuwadhibiti

Mfugaji aliyepoteza ndama au mbuzi usiku wa jana hupewa ushauri mwingi, na karibu wote huanza na silaha. Majibu yaliyo hapa chini yanaanza na mnyama mwenyewe: anakuja saa ngapi, anapita wapi, anaogopa nini, na kwa nini alichagua zizi lako akaliacha la jirani.

Kwa nini nijisumbue na tabia? Si wakipungua tu hasara nayo itapungua?

Si lazima. Eneo lenye fisi wengi linaweza kumaliza mwaka bila ng'ombe kuguswa, na eneo lenye chui mmoja likapoteza mbuzi kila mara. Kinacholeta hasara ni mazoea. Mnyama fulani amegundua kwamba mahali fulani, saa fulani, chakula kinapatikana bila taabu. Ukiyavunja mazoea hayo, kazi imekwisha hata kama mnyama huyo bado yu hai kilima cha pili. Ukiua watano ambao hawakuwa na mazoea hayo, umechoka bure, na yule mmoja atarudi Alhamisi kama kawaida yake.

Maswali mengine yote ya ukurasa huu yanatokana na hilo.

Nitajuaje ni nani aliyeua?

Fika mapema, kabla ya mbwa na tai. Anza kwa kuchuna ngozi ya shingo na ya mapaja. Mnyama aliyeumwa akiwa hai huvilia damu chini ya ngozi mahali pa jeraha. Kama alama za meno zipo lakini hakuna damu iliyovilia, aliyekula alikuta mzoga. Wanyama wengi husingiziwa kwa sababu hatua hii imerukwa.

Paka wakubwa hukaba koo. Chui huburuta windo, hulificha kichakani au kulipandisha mtini, na mara nyingi hurudi usiku unaofuata. Duma naye hukaba koo, lakini huwinda zaidi mchana, hula haraka na ni nadra kurudi kwenye mabaki. Fisi huanza nyuma na tumboni, huvunja mifupa, na wakiwa kundi huacha kidogo sana cha kuchunguza. Ukikuta wanyama wengi wamejeruhiwa ovyo, masikio yamechanika, miguu ya nyuma imetafunwa, na hakuna aliyeliwa sawasawa, watilie shaka mbwa wa kufugwa wanaozurura. Hili huwaudhi watu, maana mbwa hao huwa na mwenyewe, tena mwenyewe ni jirani. Lakini hakuna mtego wa mbweha utakaozuia mbwa wa jirani.

Tazama pia nyayo, kinyesi na njia ya kuingilia. Njia ya kuingilia ndiyo itakayokuambia urekebishe nini.

Je, kila mla nyama anayeishi karibu na shamba huua mifugo?

Hapana, na hapa ndipo utafiti umefundisha mengi. Koyote, wala nyama wa jamii ya mbwa wa Amerika Kaskazini, wamechunguzwa kwa miaka mingi kwa sababu ya kondoo. Katika shamba la utafiti la Hopland, jimbo la California, watafiti waliwafunga koyote vifaa vya redio wakafuatilia nani yuko wapi kondoo wanapouawa. Waliokuwa wakiua walikuwa hasa jozi zinazozaa zenye himaya, yaani eneo wanalolilinda dhidi ya wenzao, inayogusa malisho. Vijana wazururaji walihusika kidogo sana.

Sababu inaeleweka ukifikiria mzazi mwenye watoto pangoni. Panya na sungura hawatoshi tena, na mwanakondoo mmoja analipa safari ya usiku mzima. Watafiti wengine katika jimbo la Utah walijaribu kitu kilichosikika kama mzaha: waliwafunga uzazi koyote wenye himaya, kisha wakawaachia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba jozi hizo ziliendelea kulinda mipaka yake kama zamani, lakini ziliua wanakondoo wachache kuliko jozi zenye watoto. Njaa ya watoto ndiyo iliyokuwa ikiwasukuma.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: jozi inayoishi hapa ina tabia gani? Kama ina himaya kando ya malisho yako na haigusi mifugo, unaye mlinzi usiyemlipa, kwa kuwa huwafukuza wageni wa jamii yake. Mimi ningefikiria mara mbili kabla ya kumgusa mnyama wa namna hiyo.

Nikimuua mwenye himaya, nini hufuata?

Nafasi hujazwa. Vijana wanaotafuta mahali pa kuishi hutambua upesi kwamba alama za mkojo na kinyesi hazifanywi upya na sauti za usiku zimenyamaza. Wakati mwingine ni wiki chache tu. Anayeingia anaweza kuwa mpole kuliko wa kwanza, au kijana asiye na ujuzi wa kuwinda wanyama pori ambaye kwake mbuzi ndiye windo rahisi. Huwezi kuchagua.

Uingereza ilipata jaribio ambalo hakuna aliyelipanga. Mwaka 2001 ugonjwa wa miguu na midomo ulisimamisha uwindaji wa mbweha kwa miezi kadhaa nchi nzima. Wengi walitarajia mbweha wangefurika. Walipohesabiwa, hawakuwa wameongezeka. Himaya zao na ushindani wao wenyewe vilikuwa vikiwazuia zaidi ya mbwa wa wawindaji.

Mfano mgumu zaidi ni stoti, mla nyama mdogo wa jamii ya kicheche aliyepelekwa New Zealand katika karne ya 19 kudhibiti sungura, akageukia ndege. Jike la stoti hupandwa likiwa bado kitoto ndani ya pango, macho hayajafumbuka, na mimba husubiri karibu mwaka mzima kabla ya kukua. Maana yake, karibu kila jike kijana anayehamia eneo lililosafishwa anakuja na kizazi tumboni. Ndiyo maana mitego ya stoti huachwa imetegwa mwaka mzima, na pembezoni mwa eneo huhesabiwa kuwa muhimu kama katikati.

Mbona mtego wangu hunasa kila mnyama isipokuwa ninayemtaka?

Kwa sababu unayemtaka ndiye mwenye shaka kuliko wote. Mnyama mwenye himaya anaijua kila mita yake. Jiwe likisogezwa, anaona. Udongo ukichimbwa, ananusa. Koyote wenye himaya wamechunguzwa na kuonekana wakikwepa vitu vigeni ndani ya eneo lao, ilhali mpita njia huvisogelea kwa udadisi. Wengine hufuatilia nyendo za mtu anayetega na kujua alipopita. Kule Hopland, mitego ya kawaida ilikuwa ikipunguza vijana huku jozi zilizokuwa zikiua kondoo zikibaki salama. Hesabu ya wanyama walionaswa ilipendeza kwenye karatasi, lakini kondoo waliendelea kufa.

Kinachosaidia ni kutega mpakani mwa himaya badala ya katikati, kuweka mtego bila kuutega kwa siku kadhaa hadi uwe sehemu ya mandhari, na kuufuata mwendo wa kawaida wa mnyama. Wala nyama wengi hupenda kupita kando ya ua, kijia, au ukingo wa kichaka. Ni wachache wanaokata katikati ya uwanja mtupu. Kisha kuna harufu yako. Mtego mzuri ulioshikwa kwa mikono yenye jasho la tumbaku ni tangazo.

Mnyama aliyewahi kuponyoka mtegoni ni tatizo la peke yake. Huyo amehitimu, na mtego wa aina ile ile hautamshika tena. Bora kutotega kabisa kuliko kutega vibaya.

Aliua kondoo wengi akala mmoja tu. Je, ni ukatili au kichaa?

Si kimojawapo. Kuwinda ni mlolongo wa hatua: kutafuta, kunyemelea, kukimbiza, kuua, kula. Kila hatua ina kichocheo chake. Kushiba huzima hamu ya kutafuta, lakini hakuzimi msukumo wa kushambulia kitu kinachokimbia hatua mbili mbele yako. Porini hali hiyo ni nadra kwa kuwa swala hutawanyika na nafasi hupotea. Ndani ya zizi, kondoo hawana pa kwenda. Wanazunguka, wanalia, wanapita mbele ya mdomo ule ule mara kumi.

Mtaalamu wa tabia za wanyama Hans Kruuk aliliandika jambo hili mwaka 1972 baada ya kuchunguza mbweha kwenye makazi ya shakwe huko Uingereza na fisi wa Serengeti. Usiku mmoja wa giza na mvua kubwa, fisi waliua swala tomi zaidi ya 80 na kula sehemu ndogo tu. Swala hawakukimbia vizuri katika hali ile ya hewa, kwa hiyo breki ya kawaida haikuwepo.

Kwa mfugaji, maana yake ni kwamba ua dhaifu ni hatari kuliko kukosa ua. Uwanjani ungepoteza mmoja. Ndani ya ua unaopitika kuingia lakini usiopitika kutoka, unaweza kupoteza wote. Ukijenga, jenga kweli.

Zizi liweje basi?

Inategemea unamzuia nani. Chui na simbamangu hupanda, kwa hiyo zizi la mbuzi lisilo na paa ni mwaliko. Fisi na mbweha huchimba au hupenya chini. Kwa hao, wavu hufukiwa ardhini au hukunjwa kuelekea nje na kulazwa chini ya mawe. Mbwa mwitu wa Ulaya na koyote nao hujaribu kupita chini kabla ya kufikiria kuruka, ndiyo sababu waya wa chini kabisa wa uzio wa umeme huwekwa sentimita 20 hivi kutoka ardhini. Waya huo ukiwa juu zaidi, nyaya nyingine zote ni mapambo. Na umeme uwashwe tangu siku ya kwanza. Mnyama hugusa kitu kigeni kwa pua. Pua ikipata pigo mara ya kwanza, somo hukaa. Akigusa waya uliozimwa, amejifunza kinyume chake.

Simba ni habari nyingine. Mara nyingi haingii kabisa. Hukaa upande ambao upepo unapeleka harufu yake kwa ng'ombe, na ng'ombe wenyewe huvunja ua kwa hofu na kutoka mbio gizani, anakowasubiri. Kwa hiyo dhidi ya simba, uimara wa ua unapimwa kutoka ndani: ng'ombe wakisukuma kwa pamoja, utahimili? Ukuta usioonyesha kitu husaidia pia, maana ng'ombe wasiomwona hawapagawi haraka. Kaskazini mwa Tanzania wafugaji wengi wamepanda miti hai kama nguzo na kuifunga wavu wa chuma katikati. Miti inakua, nguzo haziliwi na mchwa, na ua unazidi kuwa mgumu kila mwaka.

Taa, vitambaa, kelele na redio: vinafanya kazi au ni kujifariji?

Vinafanya kazi mpaka mnyama agundue kwamba havina meno. Woga wa kitu kigeni ni mtaji mdogo, na kila usiku unautumia kidogo.

Kamba yenye vitambaa vyekundu vinavyopepea ilitumiwa tangu zamani na wawindaji wa Ulaya Mashariki kuwaelekeza mbwa mwitu. Watafiti walipoijaribu kuzunguka mifugo huko Kanada, iliwazuia mbwa mwitu kwa takriban siku 60. Ukiiacha mwaka mzima ni kitambaa tu. Ukiitundika wiki za kuzaa na kuitoa mara baada ya hapo, inakuwa silaha. Kosa la kawaida ni kuifunga siku ya tukio na kuisahau.

Taa zinazomulika bila mpangilio hudumu zaidi kwa kuwa zinafanana na mtu anayezunguka na tochi. Kijana Mkenya Richard Turere alilitambua hilo akiwa mtoto, akichunga ng'ombe wa familia jirani na Hifadhi ya Taifa ya Nairobi: simba waliogopa mwanga unaotembea, si mwanga uliosimama, akatengeneza taa zinazowaka kwa kupokezana. Lakini si kila mnyama anaogopa hivyo. Kwenye nyanda za juu za Chile, jaribio lililochapishwa mwaka 2019 lilionyesha kwamba taa za namna hiyo ziliwazuia puma (paka wakubwa wa Amerika) kuua lama na alpaka, mifugo ya jamii ya ngamia, ila mbweha wa Andes hawakujali. Ungeweza kununua taa zile zile, kuzifunga vizuri, na kukata tamaa kwa sababu tu adui yako alikuwa mbweha.

Kuhusu redio: sauti ya binadamu ina nguvu kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 2023 kundi la mtafiti Liana Zanette lilichapisha jaribio lililofanywa eneo la hifadhi ya Kruger, Afrika Kusini, ambako wanyama waliofika kwenye maji walichezewa sauti mbalimbali. Mazungumzo ya watu, kwa sauti ya kawaida, yaliwakimbiza zaidi ya ngurumo za simba, na chui na fisi walikuwa miongoni mwa waliokimbia. Redio basi si wazo la kijinga. Ila isiwe mahali pamoja, isiwe usiku kucha, na mara moja moja sauti hiyo ifuatwe na mtu halisi.

Nimesikia habari za kuchora macho kwenye makalio ya ng'ombe. Ni kweli?

Ni kweli. Simba mwenda kimya ndiye mla nyama, na mnyama anayevizia akijiona ameonekana, mara nyingi huacha. Katika eneo la delta ya Okavango nchini Botswana, watafiti walichora macho kwenye makalio ya baadhi ya ng'ombe, msalaba kwa wengine, na kuwaacha wengine bila alama. Jaribio lilichukua miaka minne na ng'ombe 2,061. Kati ya 683 waliochorwa macho, hakuna aliyeuawa na wanyama wanaovizia. Kati ya 835 wasio na alama walikufa 15, na kati ya 543 wenye msalaba walikufa 4.

Angalia mambo mawili kabla ya kukimbilia rangi. Kwanza, wenye macho walichunga pamoja na wasio nayo, kwa hiyo simba alikuwa na wa kuchagua. Hakuna anayejua kundi zima likichorwa itakuwaje. Pili, mbinu hii inamhusu anayevizia. Fisi au mbwa mwitu wanaokimbiza hadi windo lichoke hawategemei kutoonekana, na sioni kwa nini macho ya rangi yawashtue.

Mbwa wa ulinzi humfukuza mla nyama kwa kupigana?

Mara chache. Anachofanya ni kukatiza mlolongo wa kuwinda. Mvamizi aliyekuja kunyemelea anajikuta anabwekewa, ananuswa, anapimwa kijamii. Hamu inakatika. Kwa wala nyama wengi, jeraha dogo ni njaa ya wiki nzima, kwa hiyo hawapiganii chakula kinachopatikana kwingine. Shirika la Cheetah Conservation Fund limekuwa likiwapa wafugaji wa Namibia mbwa wakubwa wa asili ya Uturuki tangu 1994, na duma wamepungua kuuawa kwa kuwa mfugaji hana tena sababu. Nchini Australia, mbwa wa aina ya Maremma walipelekwa mwaka 2006 kulinda pengwini wadogo wa Middle Island, ambako mbweha walivuka maji yakipwa na kuwaacha chini ya 10. Kundi lilianza kupona.

Siri iko utotoni. Mtoto wa mbwa akikulia na kondoo katika wiki zake za mwanzo, kondoo ndio jamaa zake. Akikulia jikoni, jamaa zake ni ninyi, na usiku atalala mlangoni kwenu.

Punda hufanya kazi kwa sababu tofauti: hawapendi kabisa mnyama wa umbo la mbwa, na humkimbiza na kumpiga mateke. Weka mmoja tu. Ukiweka wawili watafanya urafiki wao kwa wao, na kondoo watabaki wenyewe. Dume lisilohasiwa lisiachwe na wanakondoo, huweza kuwaua. Lama hutumika vivyo hivyo dhidi ya mbweha na koyote, lakini dhidi ya puma, au dhidi ya simba kwa upande wa punda, mlinzi mwenyewe ni chakula.

Je, kubadilisha malisho kunasaidia?

Sana, pengine kuliko kifaa chochote cha kununua, na ajabu ni kwamba watu hulijaribu mwisho. Mfano bora ninaoufahamu unatoka Namibia. Watafiti wa taasisi ya Leibniz ya Berlin walifuatilia duma kwa vifaa vya setilaiti wakagundua kwamba madume wenye himaya huwa na vituo maalumu, penye miti au mawe ya kuachia alama, na duma wengine kutoka mbali hupita hapo mara kwa mara kunusa habari. Vituo hivyo ni vidogo na vinakaa mahali pamoja kizazi baada ya kizazi. Wafugaji sita waliokuwa na ndama ndani ya vituo hivyo waliombwa wahamishe makundi yenye ndama pembezoni. Hasara ilipungua kwa asilimia 86. Duma hawakuwafuata ndama. Walibaki kwenye miti yao, wakila wanyama pori.

Yaani mkulima aliyekuwa akilalamika kuwa ana duma wengi kuliko wenzake hakuwa akitia chumvi, na wala hakukuwa na duma wengi zaidi nchini. Alikuwa amelisha sokoni kwao.

Si kila mla nyama ana vituo vya namna hii, lakini kila mmoja ana mahali anapopapenda: makorongo, vichaka vya mtoni, miamba ya kuzalia. Ndama wasikae hapo.

Mbona mashambulizi huongezeka majira fulani?

Sababu ni tatu au nne, na hutofautiana. Kwenye nyika za Wamasai kaskazini mwa Tanzania, simba na fisi hushambulia mifugo zaidi wakati wa mvua, kwani wanyama pori hutawanyika, wana nguvu na ni vigumu kukamatwa. Mahali pengine ni kiangazi, wote wanapokutana kwenye kisima kimoja. Msimu wa kulea watoto umeshatajwa. Halafu kuna mwezi: utafiti wa kusini mwa Tanzania uliochapishwa mwaka 2011 ulikuta kwamba simba walishambulia watu zaidi siku zinazofuata mwezi mpevu, pale saa za mwanzo za usiku zinapokuwa giza baada ya siku za mwanga ambazo simba walilala na njaa. Ni busara kulifunga zizi mapema siku hizo.

Mifugo yenyewe ina mchango gani?

Mkubwa. Kondoo waliozaliwa na kukuzwa kwa vizazi bila hatari wamepoteza hadhari. Hutawanyika wakitishwa, na anayetawanyika ndiye anayeliwa. Ng'ombe wenye pembe na wenye ndama hujikusanya na kukabili. Huko New Mexico watafiti walifungia wanakondoo pamoja na ng'ombe kwa muda hadi wakazoeana. Walipoachiwa malishoni, kondoo waliwafuata ng'ombe kila waendapo na kujibanza kati yao koyote alipotokea. Kuzalisha wote kwa kipindi kimoja kifupi husaidia pia, kwa sababu wiki za ulinzi mkali zinakuwa chache na mlinzi hachoki.

Na mizoga. Kondo la nyuma, ndama aliyekufa, mabaki ya machinjoni: vyote vikitupwa nyuma ya zizi, umefungua shule ya kumfundisha mbweha kwamba harufu ya zizi ni harufu ya chakula. Fukia kwa kina au choma.

Mnyama anaweza kufundishwa kuichukia nyama ya kondoo?

Kuichukia, ndiyo. Kuacha kuua ni jambo jingine. Mwaka 1974 Carl Gustavson, John Garcia na wenzao walionyesha kwamba koyote aliyekula nyama yenye lithiamu kloridi, akaugua na kutapika, huikataa ladha hiyo baadaye. Mashambani matokeo yaliyumba kwa miaka mingi. Koyote wengine waliendelea kuua kondoo kisha wakakataa kula, maana msukumo wa kukimbiza hautegemei ladha.

Kumdanganya pua kumefanikiwa zaidi. New Zealand, katika bonde la Mackenzie, watafiti walipaka harufu za ndege kwenye mawe wiki kadhaa kabla ya ndege kuja kutaga. Vicheche, paka na kalunguyeye walifuata harufu, hawakupata kitu, wakachoka kuifuata. Ndege walipofika na kutaga, viota vingi zaidi vilinusurika kuliko palipoachwa bila kupakwa harufu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Ni mbinu ya msimu, tena ya watu wavumilivu.

Sumu je?

Hapana. Sheria za nchi nyingi zinaikataza, na tabia zenyewe zinaipinga. Anayekula chambo ni mla mizoga: tai, mbweha mdogo, mbwa wako. Duma hali mizoga isipokuwa kwa nadra sana. Tai hukusanyika kwa mamia kwenye mzoga mmoja, kwa hiyo sahani moja ya sumu huangamiza ukoo. Na waliotoweka ndio waliokuwa wakisafisha mizoga bure.

Nikimaliza wakubwa wote, nitapumzika?

Utabadilisha adui. Nchini Ghana, simba na chui walipotoweka katika hifadhi kadhaa kati ya 1968 na 2004, nyani waliongezeka na kuenea, wakavamia mashamba. Watoto walibaki nyumbani kulinda mazao badala ya kwenda shule. Sehemu za California zisizo na koyote zina paka wengi na ndege wachache. Mwenye ng'ombe anaweza kufurahi simba akiondoka, ila mwenye mahindi jirani yake atalipa.

Nikimkamata mkosaji, naweza kumpeleka mbali na kumwachia?

Chui na puma waliohamishwa wana sifa ya kurudi, wakipita katika mashamba ya watu wengine njiani. Asiyerudi huachwa katikati ya himaya ya mwenzake, bila kujua maji yako wapi, na mara nyingi huishia kwenye mifugo ya mtu mwingine. Wanaohamisha wanyama hupata picha nzuri. Anayepokea tatizo hapigwi picha.

Na kuku?

Kuku ni rahisi: walale ndani, sakafu isiyochimbika, wavu wenye matundu madogo, mlango ufungwe kabla ya giza. Fungo, kanu na paka pori huja usiku; nguchiro na mwewe huja mchana. Kichaka cha karibu huwaficha vifaranga dhidi ya mwewe lakini humficha pia nguchiro, kwa hiyo paa jepesi la matawi lililoinuliwa uwanjani ni bora kuliko kichaka.

Kuna wakati ambapo kuua ndiyo njia sahihi?

Upo. Mnyama aliyezoea kuua mifugo licha ya ua mzuri, mlinzi na kubadilisha malisho, au aliyeanza kuwakaribia watu, hatarekebika, na akiwa na watoto atawarithisha ujuzi huo. Hapo taarifa hupelekwa mamlaka ya wanyamapori, kwa sababu wanyama wengi wa aina hii wanalindwa na kwa sababu kazi hiyo inataka mtu anayejua kumtambua mmoja. Awindwe pale alipoua, usiku huo au unaofuata, karibu na mzoga wake. Kadiri siku zinavyopita na umbali unavyoongezeka, ndivyo uwezekano wa kumpiga asiyehusika unavyokua. Baada ya wiki moja kilomita tano kutoka zizini, unampiga yeyote aliyepita.